Ule msikiti mdogo wa kuba kule Kilwa Kisiwani: maswali yenu nimeyaona, haya majibu

Haya jamani. Juzi nilisimulia safari yangu ya Kilwa Kisiwani na ule msikiti mdogo wa kuba uliopo kule, nikadhani yameisha, kumbe ndo nimeanzisha. Meseji zinaingia tu, nyingine za maana kabisa, nyingine mnauliza kama nilikula pweza. Nilikula. Ila mtu wa Ujiji aliyekulia samaki wa mgebuka hata umpe pweza wa nazi bado moyo uko ziwani Tanganyika. Leo najibu niliyoyaweza, na maswali nimeyafupisha maana wengine mnaandika kama mnaandika wosia.

Kwa aliyekosa ile ya mwanzo: Kilwa Kisiwani ni kisiwa mkoa wa Lindi, ng'ambo ya Kilwa Masoko, palikuwa na mji wa kisultani tajiri kwelikweli enzi za dhahabu ya Sofala, bandari ya huko Msumbiji, na magofu yake pamoja na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO toka 1981. Kuna Msikiti Mkuu, huo ndo wengi wanakimbilia kupiga picha. Halafu ukisogea kidogo unaukuta huu mdogo wa karne ya 15, ambao ndo jengo lililobaki zima kuliko yote pale. Mimi niliganda kwenye huo.

*"Mwanangu, hao watu wa pwani ndo hao hao waliokuja huku na misafara, wakaoa kwetu, wakatusomesha Kurani. Mbona hawakutuachia msikiti wa mawe wenye kuba hata mmoja hapa Ujiji? Au walituona washamba?" (Mzee, Ujiji)*

Shikamoo mzee wangu. Swali lako nimelipenda kuliko yote kwahiyo naomba nikae nalo.

Kwanza miaka haikutani. Msikiti ule ni karne ya 15, misafara iliyoleta watu wa pwani huku kwetu kwa wingi ni karne ya 19. Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, wanafika Ujiji Februari 1858 wanakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili njia washaizoea, lakini hapo Kilwa ya kuba na dhahabu ilikuwa ishakuwa gofu zamani, Wareno waliivamia mwaka 1505, yaani miaka 350 na ushee kabla ya Burton kuliona ziwa. Kwahiyo fundi aliyejua kupandisha kuba zile hakuwa kwenye msafara wowote mzee, mifupa yake ilishaoza.

Lakini hiyo ndo sababu ndogo. Sababu kubwa ni jiwe lenyewe. Msikiti wa Kilwa haujajengwa kwa jiwe kama hili letu la milimani, umejengwa kwa matumbawe, na matumbawe yako ya namna mbili. Kuna lile linalochimbwa nchi kavu, zamani lilikuwa chini ya bahari, gumu, limejaa vishimo vishimo, hilo ndo la kuta. Halafu kuna lile linalokatwa baharini likiwa bado bichi, hilo ni laini ajabu, unalichonga kama unachonga muhogo, ukishamaliza unaliacha hewani linakauka na kukaza, na ndo linatumika pale panapotaka urembo, kwenye mihrabu (kile kishubaka cha kibla anaposimama imamu), kwenye miimo ya milango, kwenye nguzo. Na chokaa ya kuunganishia nayo ni matumbawe hayo hayo, wanapanga magogo mengi, wanarundika mawe juu, wanawasha moto mpaka yanaiva yanakuwa meupe, halafu yanazimwa kwa maji, wanaiacha ipoe na kulainika ndo wanaitumia. Simenti hamna hata chembe. Yaani jengo zima ni bahari iliyogeuzwa kuwa ukuta.

Sasa sisi ziwa letu lina kina cha mita 1,470 lakini maji yake ni baridi, namaanisha hayana chumvi, na matumbawe hayaoti kwenye maji ya namna hiyo. Chumvi yetu yote iko Uvinza haha. Ungetaka kujenga msikiti wa matumbawe Ujiji ulikuwa ubebeshe watu mawe kutoka Bagamoyo, na mpagazi mmoja alikuwa anabeba kama kilo 30 hivi, anatembea miezi, na kila mzigo una bei yake, sasa nani mwenye akili aache kubeba nguo na shanga abebe jiwe?

Kwahiyo walifanya kama wenyeji wanavyofanya, wakajenga kwa udongo. Nenda Kwihara pale nje kidogo ya Tabora uone lile tembe alilokaa Livingstone 1872 (limejengwa upya, lakini umbo ndo lile), kuta nene za udongo, paa bapa la magogo lililofunikwa udongo. Hao walikuwa matajiri wa pembe za ndovu wanalala kwenye udongo, kwahiyo sio dharau mzee, ni vifaa. Na udongo tatizo lake moja tu, ukiacha kuutunza misimu kadhaa ya mvua za kwetu hizi, umerudi ardhini. Misikiti ya kwanza ya Ujiji hatukuikosa, iliyeyuka.

*"Kwanini mdogo hivyo? Waumini walikuwa wachache?" (Kijana anasoma ujenzi, Kasulu)*

Mdogo wangu, wewe ndo ungetakiwa unijibu mimi, lakini sawa.

Hapana, sio uchache. Msikiti wa Ijumaa ulikuwa ule Mkuu, huu ulikuwa wa sala tano za kila siku kwa watu wa karibu, kama tulivyo na misikiti ya mtaa leo Mwanga na Ujiji. Ila kuna jambo la kifundi hapa ambalo ukilielewa ukienda pwani yoyote, Lamu, Unguja, Bagamoyo, majengo yote ya zamani yanafunguka kichwani mwako.

Paa la kawaida la pwani lilikuwa bapa. Wanalaza boriti za mikoko kutoka ukuta huu mpaka ule, juu wanapanga vipande vya mawe, wanamwaga chokaa na kokoto nzito wanashindilia. Uzito wake ni balaa. Na boriti ya mkoko hata iwe ngumu vipi, ukivuka mita mbili na nusu, tatu, inaanza kupinda. Ndo maana vyumba vya nyumba za zamani za pwani ni virefu na vyembamba kama behewa, sio kwamba walipenda, boriti ndo ilikuwa inaamua. Ukitaka ukumbi mpana lazima uchomeke nguzo katikati, ndo hivyo Msikiti Mkuu ulivyoanza, ile sehemu yake ya kaskazini ambayo ndo ya zamani zaidi, ya karne ya 11 au 12, ilikuwa na nguzo tisa. Tisa ndani ya chumba ambacho leo ungeweka ofisi ya kata.

Huu mdogo ukaamua kuachana na boriti kabisa. Wamegawa ramani viwanja tisa vya mraba, vitatu kwa vitatu, wakafunika kila kimoja kivyake, vingine kwa kuba vingine kwa dari la tao lililopinda kama mtumbwi uliogeuzwa. Mbao zilihitajika wakati wa kujenga tu, kushikilia mpaka chokaa ikaze, zikitolewa jengo linajibeba. Lakini kuba ina ubaya wake, inasukuma kuta kwenda nje, kwahiyo kuta lazima ziwe nene na kila kuba iwe ndogo na ziegemeane, hii inaizuia ile isianguke. Ukiwa ndani unaona wazi kwamba udogo ule ni hesabu, fundi alijua akipanua kidogo tu msikiti unamwangukia imamu. Na alikuwa sahihi, maana karne zaidi ya tano zimepita na umesimama, wakati Msikiti Mkuu na ukubwa wake paa liliwahi kudondoka ikabidi wajenge tena karne hiyo hiyo ya 15.

Mimi nikiambiwa nichague fundi, namchukua wa huu mdogo.

*"Ile nguzo juu ya kuba ya katikati ni mnara wa kuadhinia?"*

Hapana. Ni nguzo ya pembe nane, ya urembo tu, huwezi kupanda. Watu wengi wanashangaa lakini misikiti mingi ya zamani ya pwani yetu haikuwa na minara, muadhini alipanda ngazi akaadhinia darini au akasimama mlangoni, mji wenyewe mdogo sauti inafika. Mnara wa zamani ukiuona ni bahati, kama ule wa msikiti wa Malindi pale Mji Mkongwe Unguja, umechongoka kama pia iliyopinduliwa.

*"Kwenye ile picha ya dari naona kama sahani zimebandikwa. Ni sahani kweli au macho yangu?" (Dada, Mwandiga)*

Macho yako mazima dada. Ni mabakuli. Mabakuli ya kauri yenye kung'aa, ya kutoka nje, wameyapachika kwenye dari chokaa ikiwa bado mbichi, mdomo unatazama chini, ukiingia ukainua kichwa yanakuangalia. Mengine hayapo tena, limebaki shimo la duara tu na alama ya mdomo wa bakuli kwenye chokaa, na hapo mtu anaumia kweli maana unajua kuna mtu alipanda na kisu akayabandua akaenda kuyauza.

Kwanini waliweka? Kwanza yanapendeza, basi. Pili ni kuonyesha uwezo, bakuli lile lilivuka bahari kutoka Uajemi au Uchina, ni kitu cha kuweka kabatini wageni waone, sasa wewe unakichukua unakigandisha dari la msikiti ambako hakuna mtu atakula nacho tena milele. Mama yangu ana seti ya vikombe ambayo toka nizaliwe haijawahi kuguswa chai, nilipoona lile dari nikamkumbuka yeye kabla ya sultani yeyote. Ukitaka kuona desturi hii bila kufika Kilwa, pitia Kaole karibu na Bagamoyo, pale makaburi yenye nguzo nayo yalipachikwa mabakuli hivyo hivyo. Na Bagamoyo si ndo njia ya kuja kwetu ilipoanzia.

*"Acha kutudanganya, vile vitu walijenga Waarabu, sisi tulibeba mawe tu."*

Huyu hakuandika anatoka wapi, na lugha aliyotumia nimeisafisha.

Sikiliza ndugu. Hekaya ya Kilwa yenyewe inasema mji ulianzishwa na Mshirazi (mtu wa Shiraz, Uajemi), Ali bin Hasan, akakinunua kisiwa kutoka kwa mfalme mwenyeji kwa nguo za kutosha kukizungusha kisiwa chote. Hekaya tamu, mi naipenda. Lakini hata ndani ya hekaya hiyo hiyo mgeni anakuta mwenye kisiwa, na mwenye kisiwa anajua bei, au hilo hulioni?

Halafu tuje kwenye udongo. Kule Shanga, kisiwa cha Pate upande wa Lamu, Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe akakuta chini yake msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, mpaka anafika kwenye misikiti midogo kabisa ya miti na udongo ya karne ya 8. Miti na udongo, kama tembe. Watu walewale, palepale, kizazi baada ya kizazi wanabomoa wanajenga kikubwa kidogo, mpaka wakafika kwenye matumbawe. Hiyo sio kazi ya meli moja ya wageni.

Na mwaka 2023 ikatoka kazi ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, karibu wote kwenye miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo, na kwa wengi wao majibu yakawa mchanganyiko, upande wa kina mama karibu wote Waafrika, upande wa kina baba wengi wametoka Asia, hasa Uajemi. Kwahiyo wageni walikuja kweli, wakaoa kweli, watoto wakazaliwa wanaongea lugha ya mama zao, na hao watoto na wajukuu ndo walijenga. Sasa huyo mjukuu wa tano, mama yake wa hapa, bibi yake wa hapa, hajawahi kuiona Shiraz hata ndotoni, wewe unamwita mgeni? Basi nusu ya Ujiji wafukuzwe, maana hapa kwetu ukianza kuuliza nani Mmanyema nani Mha nani wa pwani hutamaliza, na chakula kitapoa.

*"Huo ndo msikiti wa zamani kuliko yote Tanzania?" (Mwanafunzi, Tabora)*

Hapana mwanangu, wala haukaribii. Ukitaka wenye tarehe iliyoandikwa nenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Kwenye mihrabu yake kuna maandishi ya Kikufi, yaani Kiarabu cha mwandiko wa zamani, yaliyochongwa kwenye matumbawe yanataja mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107 kwa kalenda hii ya kawaida. Ni mdogo nao, na ukiuona kwa nje utapita, umejengwa upya karne ya 18 na juu una bati tu kama nyumba ya mtu, lakini ndani hiyo mihrabu, na watu wanaswali humo mpaka leo. Hapo ndo napaonea wivu. Huu wa Kilwa ni mzuri lakini ni gofu, Kizimkazi ni mzee anayeishi.

*"Kibla yao na yetu ni moja?" (Bibi mmoja, Kibirizi)*

Bibi yangu shikamoo, na wewe umeniweza, hili ilibidi nichukue ramani.

Kaaba ni moja, lakini uelekeo unategemea umesimama wapi. Kilwa na Makka ziko karibu mstari mmoja wa longitudo, Kilwa 39.5 na Makka 39.8 mashariki, kwahiyo mtu wa Kilwa kibla yake ni kaskazini moja kwa moja, hana mahesabu. Ndo maana magofu mengi ya misikiti pwani hata kama kila kitu kimeanguka, ukiona kipande cha ukuta kina kibonge kimechomoza nje upande wa kaskazini ujue hiyo ilikuwa mihrabu na ule ulikuwa msikiti. Sisi tuko magharibi sana, longitudo 29.6, kwahiyo lazima tukunje kidogo kuelekea mashariki, nyuzi kama 20 hivi kutoka kaskazini. Anayesimama Kigoma akaelekea kaskazini tupu kama wa Kilwa atakuwa anaikosa Makka kwa mbali.

*"Ibn Battuta aliuona?"*

Hapana. Huyo msafiri maarufu wa Morocco alipita Kilwa 1331, huu mdogo ulikuwa bado haujajengwa. Aliusifu mji, ila hapa wasomi hawaelewani, nakala nyingine za safari yake zinasema mji mzima ulikuwa wa miti, nyingine zinasema umejengwa vizuri tu. Mimi siwezi kuamua ugomvi huo, lakini najua hata Kilwa nyumba za mawe zilikuwa za wenye nazo, wengi waliishi kwenye udongo na makuti. Mzee wa Ujiji hapo juu alisikie hilo.

*"Nataka kwenda na watoto likizo. Nafikaje na nijiandae vipi?" (Mama wa watoto wawili, Kigoma mjini)*

Treni mpaka Dar, hizo ni kilomita zaidi ya 1,200, beba mto wa kulalia na uvumilivu. Kutoka Dar basi la Kilwa Masoko, kilomita 300 na kitu, unavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa, waamshe watoto waone. Ukifika Masoko usikimbilie boti, kwanza unakwenda ofisini unalipia kibali cha kuingia magofuni, raia analipa kidogo mgeni analipa zaidi, beba kitambulisho. Mimi nilijifanya mjanja nikaenda moja kwa moja ufukweni, nahodha mmoja akanitajia bei ya kunivusha mpaka nikauliza kama boti inabaki kuwa yangu, halafu mlangoni nikarudishwa kwa kukosa kibali, nikalipa kuvuka mara mbili. Kuvuka kwenyewe ni kufupi, kama kwa injini ni robo saa hivi.

Nenda asubuhi, jua la kule linachoma na vivuli vichache. Chukua mtembezaji wa pale pale kisiwani, wanakijiji bado wanaishi humo na wanajua vitu ambavyo kibao hakisemi. Magofu yaliwahi kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004 mpaka 2014, bahari inakula ufukwe na mizizi inapasua kuta, kwahiyo watoto wasipande juu ya kuta hata wakilia. Na kwenye huu mdogo, mtembezaji wetu alivua viatu mlangoni bila kusema kitu, na sisi wote tukavua.

Pweza unauliza? Hapo hapo Masoko jioni. Ila beba na dagaa zako za Kigoma, mimi nilimpa mama mmoja kifungu akazikaanga, na yule nahodha wa boti ndo wa kwanza kuja kunyoosha mkono.